Ndoo Chafu Huua Dawa: Usafi wa Vyombo vya Kuchanganyia na Kuhifadhia Maji ya Klorini Bukoba na Muleba

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Wananchi wa Mkoa wa Kagera wanaijua ndoo yenye koki. Tangu tarehe 21 Machi, 2023, siku ambayo aliyekuwa Waziri wa Afya, Mhe. Ummy Mwalimu, alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, ndoo hiyo imekuwa sehemu ya mandhari ya vituo vya kutolea huduma za afya, stendi, masoko, shule na nyumba za ibada. Mlipuko ule, ulioanzia katika kata za Maruku na Kanyangereko, uliwapata watu 9 na kusababisha vifo vya watu 6, akiwamo mhudumu wa afya, kabla ya kutangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, 2023. Tarehe 20 Januari, 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alitangaza mlipuko mwingine wa ugonjwa huo huo katika Wilaya ya Biharamulo, ambao ulimalizika rasmi tarehe 13 Machi, 2025.

Katika vipindi vyote viwili mwananchi alisisitiziwa kunawa mikono. Jambo ambalo halikupewa nafasi ya kutosha katika mazungumzo ya mtaani ni hali ya chombo chenyewe ambamo maji hayo huchanganywa na kuhifadhiwa. Ndoo iliyojazwa dawa asubuhi juu ya tope la jana inaweza kuwa haina dawa yoyote ifikapo mchana, ingawa bado ina harufu na bado inaaminiwa na kila anayeifungulia koki. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na namna ya kutunza vyombo vya maji ya klorini na vya maji ya kunywa majumbani, shuleni, mialoni na katika taasisi.

Kwa nini chombo kichafu hudhoofisha dawa

Klorini huua vimelea kwa kuvishambulia na kuviunguza. Hata hivyo, klorini haichagui. Hushambulia kila kilicho na asili ya kiumbe hai inachokutana nacho ndani ya maji: udongo wenye mboji, jani lililooza, mafuta ya mikono, mabaki ya sabuni, na ute unaoota kwenye kuta za ndoo. Kila inapopambana na uchafu huo, klorini nayo hutumika na kwisha. Kinachobaki baada ya mapambano hayo ndicho kinachomkinga mnywaji au mnawaji. Wataalamu hukiita klorini huru iliyobaki.

Adui mkubwa wa dawa ni ute laini unaoteleza, ambao mtu huuhisi anapopitisha kidole ndani ya dumu lililokaa na maji kwa siku nyingi. Ute huo si uchafu wa kawaida. Ni makazi ya vijidudu vilivyojijengea tabaka la kujikinga. Klorini huunguza tabaka la juu na kuishia hapo, na vijidudu vilivyo chini hubaki hai. Ndiyo sababu kuongeza dawa katika ndoo yenye ute hakuwi mbadala wa kuisugua. Kanuni ya kwanza ni hii: sugua kwanza, suuza, kisha weka dawa.

Mwanga wa jua na joto navyo huvunja klorini. Ndoo nyeupe inayopitisha mwanga, ikiwekwa juani mbele ya zahanati, hupoteza nguvu ya dawa haraka kuliko ndoo ya rangi nzito iliyofunikwa na kuwekwa kivulini. Chombo cha chuma nacho hakifai, kwa kuwa klorini hula chuma, na kutu hutumia dawa. Vyombo vinavyofaa ni vya plastiki imara vyenye mfuniko.

Vyombo viwili, kazi mbili

Kosa linaloweza kugharimu maisha ni kutumia chombo kimoja kwa kazi zote. Kila kaya na kila taasisi inapaswa kutenganisha chombo cha maji ya kunywa na chombo cha kuchanganyia maji ya dawa ya kutakasa mikono, sakafu au vifaa. Vyombo hivyo viandikwe kwa rangi isiyofutika: "MAJI YA KUNYWA", "KUNAWA MIKONO" na "DAWA KALI – USINYWE". Pale ambapo wapo watoto wasiojua kusoma, rangi ya ndoo ifanye kazi ya maandishi: rangi moja kwa ajili ya kunywa, nyingine kwa ajili ya dawa, na utaratibu huo usibadilishwe.

Kuna pia vyombo ambavyo havipaswi kugeuzwa kuwa vya maji kwa namna yoyote. Bukoba na Muleba ni maeneo ya wakulima wa kahawa na migomba, na katika visiwa vya Muleba kama vile Bumbire, Goziba na Ikuza, maisha hutegemea mitumbwi yenye injini. Madumu yaliyobeba viuatilifu, petroli, dizeli au mafuta ya injini hayasafishiki kwa sabuni wala kwa klorini. Plastiki hunyonya kemikali hizo na kuzirudisha ndani ya maji kidogo kidogo. Dumu la kiuatilifu litobolewe ili lisitumike tena, na dumu la mafuta libaki kuwa la mafuta.

Namna ya kuchanganya dawa

Ukali wa maji ya dawa hutegemea kazi. Kwa mikono, pale ambapo sabuni na maji safi havipatikani, hutumika ukali wa asilimia 0.05. Kwa sakafu, vyoo na vifaa katika maeneo ya kutolea huduma wakati wa mlipuko, hutumika ukali wa asilimia 0.5, yaani mara kumi zaidi. Maji ya asilimia 0.5 hayapaswi kugusa ngozi bila glovu.

Kwa unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70, gramu 7 katika lita 1 ya maji hutoa ukali wa karibu asilimia 0.5. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 140. Kwa ukali wa asilimia 0.05, ndoo hiyo hiyo huhitaji gramu 14 tu. Kwa dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5, au sehemu 1 ya dawa na sehemu 69 za maji ili kupata asilimia 0.05. Kabla ya kupima, soma lebo ili kujua nguvu ya dawa uliyonayo, kwani bidhaa hutofautiana.

Maji hutangulia ndani ya chombo, na unga hufuata. Kumimina maji juu ya unga huweza kusababisha joto na kurusha dawa usoni. Kijiko cha kupimia kiwe kikavu, cha plastiki. Kopo la unga lifungwe barabara na liwekwe mbali na mafuta, mbolea na vitu vinavyoungua, kwa kuwa unga huo ukikutana navyo unaweza kuwasha moto. Atakayechanganya avae glovu, akinge macho, na afanye kazi hiyo mahali penye hewa.

Maji ya dawa yaliyochanganywa hutumika siku hiyo hiyo. Yaliyobaki jioni hayaongezewi dawa kesho yake. Humwagwa, chombo husafishwa, na mchanganyiko mpya huandaliwa asubuhi. Anayechanganya aandike kwenye ndoo tarehe, saa na ukali wa dawa. Maandishi hayo mafupi humwezesha Afisa Afya, mwalimu wa zamu au mlinzi wa lango kujua mara moja kama ndoo iliyo mbele yake ina dawa ya leo.

Usafi wa kila siku

Kila jioni, ndoo ya kunawia imwagwe yote, pamoja na tope la chini. Isuguliwe kwa brashi na sabuni, ndani na nje, kisha isuuzwe hadi povu liishe, kwa kuwa mabaki ya sabuni nayo hula dawa. Koki ifunguliwe na kusafishwa kwa brashi ndogo, kwani humo ndimo ute hujificha zaidi. Mfuniko usisahauliwe. Ndoo iinamishwe mahali safi ili ikauke usiku, kwa sababu ute hauoti mahali pakavu.

Chombo cha kupokelea maji machafu chini ya koki nacho kisafishwe. Chombo hicho kikijaa na kufurika, eneo la kunawia hugeuka dimbwi, na watu huacha kunawa. Maji yake yamwagwe katika shimo la maji taka au chooni.

Kwa madumu ya maji ya kunywa yenye mdomo mwembamba, ambamo mkono hauingii, tumia brashi ya mpini mrefu. Isipopatikana, weka maji ya sabuni pamoja na kokoto ndogo laini zilizooshwa, funga, na utikise kwa nguvu. Mchanga haufai sana kwa sababu hukwaruza plastiki, na mikwaruzo hiyo huwa maficho mapya ya vijidudu. Baada ya kusuuza, tia maji ya klorini ya asilimia 0.05 kiasi cha kutosha kufikia kuta zote, tikisa, acha kwa dakika 30, mwaga, kisha suuza kwa maji yaliyotibiwa. Dumu lenye nyufa au lenye mikwaruzo mingi liondolewe katika kazi ya maji ya kunywa.

Ukoko mweupe na hatari isiyoonekana

Wanaotumia unga wa klorini hukutana na jambo jingine: ukoko mweupe, mgumu, unaojijenga chini ya ndoo na ndani ya koki. Ukoko huo ni chokaa. Unga wa klorini una madini ya kalsiamu, ambayo yakikutana na hewa na madini yaliyomo ndani ya maji hugeuka chokaa. Ukoko huziba koki na hutoa mahali pa uchafu kushika. Njia ya kuupunguza ni kuyeyusha unga katika ndoo ndogo, kuacha mashapo yatue, na kuhamishia maji maangavu ya juu katika chombo cha kutumia.

Ukoko ulioshika hulainika kwa siki au maji ya limao. Hapa ndipo penye hatari ambayo kila mwananchi anapaswa kuijua. Siki, limao na dawa kali za kusafishia vyoo ni tindikali. Tindikali ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu, ambayo hukaba pumzi, huunguza macho na kifua, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua. Hatari ya namna hiyo hutokea pia klorini inapochanganywa na amonia, ikiwamo iliyomo katika baadhi ya dawa za usafi na katika mkojo uliokaa.

Kwa hiyo, utaratibu salama ni kumwaga maji yote ya dawa, kusuuza ndoo mara tatu kwa maji mengi, kuitoa nje penye hewa, na ndipo kuweka siki iliyochanganywa na maji kwa takribani saa moja. Sugua, mwaga, kisha suuza tena mara tatu kabla ya kurudisha klorini. Siki na klorini visikutane hata kidogo. Ikitokea mtu amevuta gesi hiyo, atolewe haraka kwenye hewa safi na afikishwe kituo cha afya. Dawa ikiruka machoni, macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aonwe na mtaalamu. Aliyemeza dawa asilazimishwe kutapika.

Matangi ya maji ya mvua

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na kaya nyingi katika Manispaa na vijijini huvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa. Maji hayo huja na vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Maji ya kwanza ya mvua, hasa baada ya kiangazi, yaachwe yamwagike nje kabla ya bomba kuelekezwa kwenye tangi. Mdomo wa tangi uwekewe wavu unaozuia majani na mbu, na mfuniko ufungwe wakati wote.

Tangi lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni kabla ya mvua za masika au za vuli. Hatua zake ni hizi:

1. Mwaga maji yote na ondoa mashapo.
2. Sugua kuta na sakafu kwa brashi ya mpini mrefu na sabuni, kisha suuza. Mtu asiingie ndani ya tangi akiwa peke yake, na asiingie wakati lina dawa. Tangi lisilo na hewa ya kutosha linaweza kumpotezea mtu fahamu.
3. Jaza robo ya tangi kwa maji safi. Pima gramu 80 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000 za ujazo wote wa tangi. Tangi la lita 5,000 litahitaji gramu 400. Yeyusha unga katika ndoo za plastiki zenye maji, kisha mimina ndani.
4. Jaza tangi lote, funika, na acha kwa saa 24. Maji haya hayanywewi, na koki zote ziwekewe tangazo.
5. Fungua koki ili maji ya dawa yapite kwenye mabomba, mwaga yote, na suuza kabla ya kujaza maji ya kutumia.

Maji ya dawa yaliyotolewa yasielekezwe ziwani, mtoni, kwenye bwawa la samaki, kisimani wala shambani. Klorini huua samaki na huunguza mimea. Yamwagwe taratibu kwenye ardhi tupu, mbali na vyanzo vya maji.

Kwa wakazi wa mialo na visiwa

Katika mialo ya Muleba, ziwa ni chanzo cha maji ya kunywa, mahali pa kuoga, pa kufulia na pa kuoshea samaki. Mazingira hayo hurahisisha kuenea kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara, ambayo huambukiza kwa njia ya maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Ieleweke kwamba Marburg haienei kwa njia hiyo. Huambukiza kwa kugusa damu au majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya aliyefariki, pamoja na vitu vilivyochafuliwa navyo. Hata hivyo, kinga ya magonjwa yote mawili hukutana katika mikono safi na maji salama.

Maji ya ziwa yenye tope yaachwe yatulie na yachujwe kwa kitambaa safi kabla ya kutiwa dawa, kwa kuwa tope hula klorini. Kwa kunywa, tumia dawa iliyotengenezwa kwa kutibu maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Dawa za kufulia zenye manukato au sabuni hazifai kwa maji ya kunywa. Asiye na dawa achemshe maji, kisha ayahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko na koki. Kuchota kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono hurudisha vimelea katika maji ambayo yalikwisha kutibiwa.

Wajibu wa kila mmoja

Sabuni na maji yanayotiririka bado ndiyo njia ya kwanza ya kunawa mikono. Klorini hutumika pale ambapo sabuni haipo, na kuitumia mara kwa mara hukausha na kuwasha ngozi. Hivyo basi, shule, mwalo au ofisi yenye sabuni na maji safi haina sababu ya kuona kwamba imepungukiwa.

Viongozi wa mitaa na vijiji, kamati za shule, viongozi wa nyumba za ibada na wasimamizi wa mialo wanahimizwa kumteua mtu mmoja anayewajibika kwa kila kituo cha kunawia: kumwaga, kusugua, kuchanganya na kuandika tarehe. Ndoo isiyo na mwenyewe huwa ya kwanza kuota ute. Pale panapokuwa na shaka kuhusu nguvu ya dawa, Maafisa Afya wa kata na halmashauri wana vipimo vya kupimia kiasi cha klorini kilichobaki ndani ya maji, na wananchi wana haki ya kuomba kupimiwa. Wenye maswali kuhusu maji ya bomba mjini Bukoba wawasiliane na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Bukoba (BUWASA), na walioko vijijini wawasiliane na ofisi za Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) za wilaya zao.

Mwananchi yeyote anayeona dalili za homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa na damu asizoelewa chanzo chake, kwake binafsi au kwa jirani, atoe taarifa mapema katika kituo cha afya kilicho karibu au apige simu bila malipo kwenda namba 199 ya Wizara ya Afya.